Ngazi fupi ya Papa Falone

Kama unataka kupanda mulima ya nyuma ya Ngezi, huku Bunia, pamoja na watoto, utapita mbele ya meza yangu, upende usipende. Njia inaanzia hapo. Mimi ni mama Débora, nauzisha chai na mandazi, na kila siku ya Mungu, jumapili, kisha ibada, ninaona watu wanafika na nguo yao ya kanisa: baba, mama, watoto wamefuatana, koko muzee na fimbo yake. Wanapanda pole pole mupaka juu, wanapumzika, wanaangalia mji, wanashuka. Hakuna mwenye anateleza, hakuna mutoto mwenye analia abebwe. Kisha wanakuja kukaa kwangu, wanakunywa chai na wanasema, "Ile ONG ilifanya kazi muzuri." ONG gani, shirika gani ya musaada? Ni wao wenye wanakula mandazi, lakini ni mimi inanikwama mu koo.

Ile njia ilifanywa na mutu mumoja. Jina yake ni Adrien, lakini siye tunamuita Papa Falone, kwa jina ya mutoto yake wa kwanza. Aliifanya kwa ajili ya mutoto mumoja tu, mudogo wa Falone, mwenye anaitwa Plamedi. Na kwa miaka yote yenye watoto ya watu walikuwa wanapanda na kushuka hapa, ni ule Plamedi peke yake hakuwa amekanyaga. Nitakuambia namna ilienda, kwa sababu nilikuwa nimekaa hapa hapa, na macho yangu haiuzishwi pamoja na mandazi.

Papa Falone alizaliwa mu milima ya upande wa ziwa, kwa watu wa ngombe. Utoto yake yote alifuata mikia ya ngombe ya baba yake. Kisha ngombe ikaisha mu vita ya kwanza, unajua vile ilienda mu Ituri, sitarudilia. Akaoa Valérie, akazaa Falone, kisha akangoja sana, ndipo Plamedi akakuja. Siku yenye vita iliingia mu kijiji yao, yeye alikuwa Mambasa, anapasua mbao mu pori ili Falone asome. Valérie alifunga Plamedi mu mugongo, akashika Falone mukono, wakashuka mupaka ku ziwa, wakaingia mu mutumbwi na kuvuka mupaka Uganda. Plamedi alikuwa ameachishwa tu kunyonya. Alikuwa anatembea akishikilia nguo ya mama yake. Adrien alipotoka Mambasa alikuta majivu mahali ya nyumba, na mupaka leo hapendi harufu ya moto ya nyasi.

Akafika Bunia, akapanga chumba mu parsele yangu, ni kusema kiwanja yangu. Mutu munyamavu, analipa, hanywi, hagombani. Mutu wa vile anachokesha, kwa sababu haujui utamukemea nini. Siku moja nikamuuliza, mimi sina haya: "Papa Falone, bibi yako iko kule, watoto yako iko kule, weye unafanya nini huku?" Akaniambia mwanzo njia ya ziwa ilikuwa imefungwa. Kisha ilifunguka, na Valérie akamuambia ku simu, "Kuja, tuko na kipande ya shamba mu kambi ya wakimbizi, watoto wanasoma." Yeye akakataa. Alisema hawezi kwenda kukaa mbele ya watoto yake na mikono mitupu, akingojea maharagi ya kugawiwa. "Nitatengeneza pahali huku, nao watakuja."

Kiburi ya mwanaume, unaijua. Valérie naye hakuwa mutu wa kulia ku simu. Akajibu, "Tengeneza basi, tutaona." Na ile "tutaona" ilikula miaka.

Mu Bunia, kama hauna makuta mingi na unataka parsele, watakuonyesha pembeni ya erozyo, pale mvua inakula udongo. Ndivyo alipata yake, kule nyuma, chini ya mulima. Alijenga nyumba ya udongo, ya mabati mazuri, akapanda maharagi. Lakini mulima yetu, hata kipofu anajua, imeliwa. Udongo mwekundu umepasuka pasuka, kuko makorongo yenye mutu anaweza kuangukia na aite mupaka sauti iishe. Kila mvua inachukua kitu: muti, choo ya mutu, jiko ya mutu. Habari ilivuka ziwa, kwa sababu habari mbaya haiombi mutumbwi. Valérie akauliza ku simu: "Nasikia kule Ngezi kunabomoka. Unataka Plamedi acheze wapi, mu shimo?"

Papa Falone aliacha inite, makuta ya simu, iishe pale. Asubui yake akakuja kuazima jembe yangu.

"Nataka kutengeneza njia mupaka juu," akaniambia. "Njia ya mutoto. Plamedi akikuja, nitamushika mukono, tutapanda siye wawili na hatateleza hata pahali moja. Juu kule nitamuonyesha milima ya upande wa ziwa, nimwambie, angalia, ni kule mama yako alipita na weye mu mugongo."

Nikamuambia atengeneze kwanza choo yake, ilikuwa imeinama. Hakunisikia. Hakuwa ananisikia kamwe, ule mutu.

Sasa kuko jambo yenye unapaswa kujua juu ya mulima yetu. Siye watu wa hapa tulikuwa tunaipanda wima, kifua mbele, kwa sababu tuko na haraka ya kufika ku shamba. Maji ya mvua nayo ni mvivu. Inapita pahali miguu imeshafungua. Leo unapita weye, kesho inapita maji, mwaka ingine ni korongo na unaanza kufungua ingine pembeni. Hivyo ndivyo tulimaliza mulima kwa miguu yetu wenyewe, kisha tunasema ni Mungu. Papa Falone alisema atatafuta njia yenye maji haitaipenda. Na kwa kuitafuta akaenda kwa Katsuva, muchinjaji, akamuomba ngombe. Si ya kununua. Ya kutembea naye.

Katsuva alicheka mupaka akaweka kisu chini. Lakini ni mutu wa roho muzuri, na alikuwa na ngombe jike moja yenye ilikuwa inangoja sikukuu, akasema, "Muchukue, ila usimukondeshe." Papa Falone akamuleta hapa chini, akafungua kamba, akasimama nyuma na vijiti mu kwapa. Ngombe akaangalia mulima, akakula kidogo, akaanza kuenda. Hakupanda wima hata kidogo. Alikuwa anazunguka, anapanda kidogo, anazunguka, anasimama, anageuka. Kila pahali alipita bila kusita, Papa Falone alipanda kijiti. "Ngombe hana haraka," alikuwa anasema. "Na pahali ngombe anapita bila kuogopa, mutoto atapita."

Watu walifurahi siku hiyo, sitakudanganya. Mwanaume muzima anafuata ngombe ya kuchinjwa ku mulima, anamuongelesha pole pole, anamungojea akikojoa. Mimi mwenyewe nilimuita kutoka ku meza, "Papa Falone, umepata bibi mupya, utatuletea lini tumusalimie?" Watu wakacheka. Yeye hakugeuka. Jioni vijiti ilikuwa inazunguka mulima mupaka juu, sawa uzi ya mushonaji. Sikukuu ilipofika Katsuva alimutumia kipande ya maini ya ule ngombe, ni heshima, unajua. Papa Falone akaniletea mimi yote. Nilikaanga, nikakula, ilikuwa tamu. Yeye alikula sombe, majani ya muhogo tu.

Njia ilipatikana, lakini pahali fulani ngombe mwenyewe alipanda kwa nguvu, pale udongo umekatika. Hapo ilihitaji ngazi. Na ngazi iko na urefu. Papa Falone akakuja tena mbele ya meza yangu, akaangalia mujukuu yangu Marie-Claire mwenye alikuwa anacheza na unga chini, akasema: "Mama Débora, niazime huyu."

"Kwanza jembe, sasa mutoto," nikasema. "Kesho utaazima nini, mume yangu? Alishakufa, umechelewa."

Lakini nilimupa. Marie-Claire alikuwa ameachishwa tu kunyonya, anatembea akishikilia nguo yangu. Papa Falone alikuwa anamuweka mbele ya ngazi yenye ametoka kuchimba, na anasimama pembeni bila kumugusa. Kama mutoto anainua goti bila shida, anafunga ile ngazi na muti ya eucalyptus na mifuko ya udongo. Kama mutoto anaweka mikono chini, ngazi ni ndefu, anaivunja, anaanza tena. Kama anakaa na kulia, anampa kipande ya muwa na wanapumzika wote wawili. Pembeni ya korongo akafunga kamba ya mukonge ku miti, na hata ile kamba aliipima ku bega ya Marie-Claire, ili mukono mudogo uifikie. Juu ya kila ukingo akapanda nyasi ya mizizi mirefu. Ilimuchukua musimu nzima wa jua, na mikono yake ilikuwa inatoka damu, na usiniulize kama alilalamika.

Ilipokwisha, watu wakaanza kuipita. Kwanza ni wamama wenye wanatoka shambani na mizigo. Kisha mwalimu moja akaleta watoto wa masomo. Kisha ikawa mutindo, siku ya Mungu jamaa nzima, na maarusi wakakuja kupigwa foto juu kule na nguo nyeupe, mu mulima yenye tulikuwa tunatupa takataka. Mimi sikatai, nilifaidika, nikaongeza benchi mbili.

Lakini nilikuwa namuona yeye. Ile siku ya Mungu, alikuwa anakaa juu, pahali ya kupumzika, ku kipande ya muti, na watu walikuwa wanapita mbele yake. Baba na mutoto mukono kwa mukono. Mama na mapacha. Mutoto akikaribia ukingo, Papa Falone alikuwa ananyosha mukono haraka, kisha baba mwenyewe anafika, na yeye anarudisha mukono mu goti. Hakuna mwenye alikuwa anamusalimia, kwa sababu hawakujua ni nani. Muzee moja tu amekaa. Nilikuwa naona ile mukono inarudi, na ilinipa huzuni yenye ilinikasirisha. Jioni alikuwa anashuka wa mwisho kabisa, anasahihisha kamba pahali imelegea, anapita mbele yangu, anasema "Kesho, mama," na anaenda kufungua nyumba yenye hakuna mutu ndani.

Mvua ikakuja, ikavunja ngazi fulani. Akazijenga upya. Mvua ingine, akajenga tena, mwaka kwa mwaka. Na mwaka moja akakuja tena kuniazima mutoto wa kupima ngazi.

"Marie-Claire huyu hapa," nikamuambia.

Akamuangalia. Marie-Claire alikuwa ameng'oka meno ya utoto, ameota mapya, anaruka kamba na wenzake. "Huyu amekuwa mukubwa," akasema. "Hanifai. Nataka mwenye iko sawa na Plamedi."

Akaenda kuazima mutoto ya jirani, mwenye alikuwa ameachishwa tu kunyonya. Mwaka yenye ilifuata, ule naye alikuwa amekuwa mukubwa, akatafuta mwingine. Unaelewa? Kila mara mutoto mupya wa kipimo ile ile. Watoto yote ya Ngezi walikuwa wanakuwa wakubwa, isipokuwa moja. Nilivumilia, nilivumilia, kisha nikashindwa.

"Papa Falone," nikamuambia, "watoto wa kule Uganda wanakula nini, wenye hawakui?"

Akacheka kidogo, kwa adabu, sawa vile mutu anacheka mbele ya mama mukwe. Akachukua mutoto ya watu mukono, wakaenda ku ngazi. Siku nyingi kisha hiyo alikuwa anapita mbele yangu bila kusema "Kesho, mama."

Kisha kukawa mambo ya foto. Mutoto yangu Charlotte iko na simu kubwa, yenye inaonyesha foto. Papa Falone alikuwa na kasimu kadogo ka kusikia sauti tu. Valérie akatuma foto kwa Charlotte: yeye amekaa ku kiti, mutoto mudogo mu magoti yake, na musichana murefu amesimama nyuma. Papa Falone alishika ile simu na mikono miwili.

"Falone amekuwa mukubwa hivi," akasema. "Na ona Plamedi, vile anakaa mu magoti ya mama. Anafanana na mama yangu muzazi."

Charlotte akaniangalia. Chini ya foto Valérie alikuwa ameandika wazi: mimi na Plamedi, pamoja na kitoto ya jirani. Falone alikuwa mu internat, masomo ya kulala kule kule, hakuwa mu foto. Nikamuambia, pole pole, na mimi si mutu wa pole pole: "Baba, huyu mwenye amesimama ndiye Plamedi."

"Hapana," akasema. "Mutu hawezi kusahau sura ya mutoto yake."

"Haujasahau. Ni yeye amekuwa mukubwa."

Akarudisha simu kwa Charlotte, akasema aksanti, akasema Valérie anaandikaka haraka haraka bila kuangalia. Kisha akachukua jembe akapanda ku mulima, na hapakuwa kazi ile siku, ngazi yote ilikuwa nzima. Nilimuona kule juu anapiga udongo tu. Niliona huruma mupaka chai ikamwagika. Nilitaka pia kumupiga kofi.

Mwaka huu, mbele vakansi, likizo kubwa ya masomo, ianze, Valérie akatuma neno. Falone alikuwa ameshaolewa kule, na karibu azae, hataweza kusafiri. Yeye Valérie atakuja na Plamedi, kuangalia tu. "Mutoto akipapenda, tutarudi mwaka ya masomo yenye inakuja, tukae wote. Asipopapenda, usiniulize tena. Nimechoka kuulizwa." Ndivyo alisema, na Papa Falone alinirudilia maneno yote, na uso yake ilikuwa sawa ya mutoto wa komunyo ya kwanza.

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Alibadilisha kamba ya zamani. Alisugua ile miti ya kupumzikia na mchanga ili isichane miguu ya mutoto. Aling'oa miiba mupaka mbali, pahali hata mbuzi haifiki. Siku yao ilipofika, alikuwa amesimama pa meza yangu tangu asubui na koti, mu jua ile, anatoka jasho, hataki kukaa. Nikamuambia akae, atachafua koti na jasho. Akasema Plamedi asimukute amekaa.

Walifika na moto, pikipiki ya kubeba watu, kutoka Kasenyi kule ku ziwa, wawili pamoja na mizigo, vumbi mupaka mu nyusi. Valérie akashuka. Musichana murefu akashuka, na viatu ya spore, ya kukimbilia, na begi ya masomo mu mugongo, shingo ndefu, mikono mirefu. Papa Falone akaenda mbele haraka. Akapita pembeni ya ule musichana sawa mutu anapita pembeni ya muti. Akaangalia nyuma ya Valérie. Akaangalia nyuma ya moto.

"Plamedi iko wapi?" akauliza. "Mumemuachia nani ku njia?"

 Motari, ule mwenye aliwaleta, alizima moto yake.

"Baba Falone," Valérie akasema, "umemupita."

Akageuka. Ule musichana akapiga magoti kidogo, vile wanafundishwa kule ngambo, akanyosha mukono, akasema, "Jambo, baba." Kwa heshima nzuri, sawa vile unasalimia mukubwa wa masomo. Papa Falone akashika ule mukono na mikono yake miwili, akamuangalia kutoka viatu mupaka nywele. Nilimuona anatafuta mu ule uso pahali ya kuingilia, na hapatikani. Kisha akasema, "Umechoka, mama. Safari ni ndefu." Na akabeba begi yake.

Kesho yake ilikuwa siku ya Mungu. Walikuja wote watatu kisha ibada. Valérie alikuwa na maumivu ya miguu juu ya safari, akakaa kwangu ku benchi, akasema waende wao wawili. Mimi nilimupa chai, na siye wawili tukaangalia mulima. Njia yote inaonekana kutoka hapa.

Papa Falone alinyosha mukono ku ngazi ya kwanza. Plamedi akamupa wake. Ni mutoto wa adabu, sina neno juu yake. Lakini kwa kutembea na baba yake ku zile ngazi ilimubidi apige hatua sawa mutu mwenye kitenge imemubana. Anainua muguu, ngazi inakuwa imeshaisha. Kamba ya mukonge, ile ya kushikilia, ilikuwa inamufikia ku mapaja, na mara mbili ilitaka kumuangusha. Alijaribu. Nilimuona anajaribu. Kisha akaachilia mukono ya baba yake, bila ubaya, sawa vile unaweka kikombe yenye umemaliza. Akaruka ngazi tatu. Akaruka zingine. Akageuka kumuangalia, akamungojea kidogo, akachoka kungoja. Kisha akaona pahali ya wima, juu ya nyasi, pale ni karibu kufika juu, akapanda kifua mbele, sawa siye watu wa zamani, mikono na miguu, na udongo ikawa inamwagika nyuma yake.

"Pole pole, mama," sauti ya Papa Falone ilifika mupaka kwetu. "Pole pole, utateleza."

Hakuteleza. Alifika juu mbele ya baba yake kufika hata ku pumziko ya kwanza. Akasimama kule, akapunga mukono. Na Papa Falone alikuwa chini, anapanda ngazi fupi moja moja, na katikati ya jamaa ya watu, mbele yake baba mwingine na kitoto kimoja mukono kwa mukono, wanaenda pole pole, na hakuweza kuwapita kwa sababu njia ni nyembamba.

"Nilimuambia," Valérie akasema. Alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. "Kila simu, mama Débora. Nilimuambia Plamedi amefika klasi ya tano, Plamedi anapika, Plamedi anachota maji peke yake. Na yeye ananiuliza, analala vizuri? Anakubali kukula mwenyewe? Mwanzo nilikuwa nakasirika. Kisha nikaanza kujibu tu. Ndiyo, analala. Ndiyo, anakula."

"Ungekuja mapema," nikasema.

"Angekuja mapema," akasema. Na hakukuwa hasira mu sauti yake. "Yeye alijenga. Kulea nililea mimi."

Nikamuongezea chai, na kikombe yake ilikuwa bado imejaa.

Walikaa juu kule muda. Niliwaona wamesimama, baba ananyosha kidole upande wa ziwa, mutoto anaangalia, kisha anaangalia simu yake. Walishuka, Plamedi wa kwanza. Nilimupa mandazi, akasema ni tamu sana, akasema aksanti kwa magoti. Nilimuuliza kama mulima imemupendeza. Akasema ndiyo, ni nzuri.

Walikaa wiki yote. Hakukuwa magomvi hata moja, na magomvi ingekuwa afazali. Siku ya mwisho Valérie akamuuliza mutoto mbele ya baba yake, sawa vile walipatana. Plamedi aliwaza kwanza. Alisema nyumba ni nzuri, na maharagi ni nzuri, na baba ni mutu muzuri. Kisha akasema masomo yake iko kule, na marafiki yake, na mutoto ya Falone atazaliwa karibu na anataka kumubeba. Papa Falone akasema, "Umesema vizuri, mama." Akafunga mizigo yao yeye mwenyewe ku moto, akavuta kamba mara mbili kuona kama imeshika. Alisimama mu barabara mupaka vumbi ikakaa chini, kisha bado akasimama. Nilimuita. Hakusikia.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, mvua ilikuwa imepiga, na ngazi fulani ilikuwa imebomoka pale katikati. Watu walikuja vile vile, baba wakabeba watoto kwa kuvukia pale. Papa Falone alikuja bila jembe. Akakaa ku benchi yangu, katikati ya watu wenye walikuwa wanangoja chai. Mutoto moja mudogo alikuja kusimama mbele yake, akashika goti yake ili asianguke, na yeye hakunyosha mukono. Mama ya mutoto akamuondoa, akaomba pole.

Nikamumiminia chai, nikatia sukari mingi, nikamuuliza: "Kule juu, mutoto alikuambia nini?"

Alikunywa kwanza. "Nilimuonyesha milima, nikamuambia ni kule alipita mu mugongo ya mama yake. Akasema hakumbuki. Kisha akaangalia njia chini, akaniuliza: 'Baba, hizi ngazi fupi hivi ni za watoto ya nani?'"

"Na weye ukamuambia nini?"

"Nikamuambia ni za watoto ya watu wa hapa."

Pale niliwaka moto. Miaka yote ile, mikono ile, ngombe, kamba, mujukuu yangu wa kuazimwa. "Juu ya nini haukumuambia kweli? Mutoto iko mbele yako, amekuuliza na mudomo yake. Sema tu, ni zako, nilikujengea weye."

Akaweka kikombe chini pole pole, akaangalia mulima, pale watu walikuwa wanapanda.

"Ningemuambia uongo, mama Débora. Ule mwenye nilimujengea hatakuja tena. Na huyu mwenye alikuja, hakuna kitu nilimutengenezea."